Kabla ya kununua unga wa kukuza samaki

Ukifuga sato kwenye vizimba huku Kanda ya Ziwa, zaidi ya nusu ya fedha za mradi zinakwenda kwenye chakula, na unazitoa miezi mingi kabla hujamwona mteja. Ndiyo maana akija mtu na pakiti ya unga, akakwambia ukichanganya kijiko kimoja kwa kila kilo ya chakula samaki watakua haraka, hawataugua na chakula kitapungua, unamsikiliza. Sisi tulimsikiliza. Naandika kwa ajili ya mfugaji aliye katika hali tuliyokuwa nayo: ana mkopo, samaki wamedumaa, na mkononi ameshika pakiti asiyojua ndani yake kuna nini. Unga unaosaidia utumbo wa samaki upo kweli, na nitaeleza ni upi na unasaidia wapi. Lakini kuna mambo yanayoutangulia, na asiyeyashughulikia kwanza anamwaga fedha ziwani.

Mradi wetu ni wa familia: mimi, mume wangu na shemeji yangu, mdogo wake. Tulianza na vizimba vichache upande wa Mwanza kwa mkopo wa kikundi na akiba yangu ya miaka ya ualimu. Mzunguko wa kwanza tulilisha chakula kinachoelea kilichotoka nje ya nchi, kilo moja kwa zaidi ya shilingi 3,000. Samaki walikua vizuri na soko likawapokea. Tulipokaa kupiga hesabu, faida iliyobaki ilikuwa ndogo mno. Mwezi mmoja tu wa bei mbaya ungeifuta yote. Tukaamua kutengeneza chakula wenyewe.

Kwenye karatasi hesabu ilipendeza. Dagaa ni wa ziwa hili hili. Mashudu ya alizeti na ya pamba yanapatikana kwa kuwa viwanda vya kukamua mafuta vipo Mwanza, Shinyanga na Simiyu. Soya inakuja kutoka mikoa ya kusini, pumba za mahindi zipo kila penye mashine ya kusaga, na unga wa muhogo unashikanisha punje. Tukanunua mashine ndogo ya kukamua punje. Kilo moja ikatoka kwa bei ya chini sana kuliko ile ya dukani, na nyumbani kila mtu akawa na furaha.

Furaha ilidumu hadi tulipoanza kupima uzito. Vifaranga tuliowaingiza wakiwa na gramu kumi hivi walitakiwa kuwa wamekaribia gramu mia. Wengi hawakufika hata nusu yake. Kijana wetu anayelisha ndiye aliyeona dalili za kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayekaa nao kutwa. Aliniambia, "Mama, hawa wanakuja juu kula, lakini wanatema." Baadaye akanionyesha kinyesi cheupe, chembamba na kirefu, kikielea pembeni ya nyavu. Samaki aliyekula akashiba hutoa kinyesi chenye rangi ya chakula alichokula. Kikiwa cheupe, kilichomo ni ute mtupu: ama samaki hali, ama utumbo wake unaumwa.

Kisha vifo vikaanza. Havikuwa vya kutisha kwa siku moja, ila havikukoma. Kila asubuhi kijana alitoa samaki wachache na kila asubuhi tulifukia. Mume wangu aliacha kuzungumza wakati wa chakula cha jioni. Mkopo ulikuwa na tarehe zake, na tarehe hazijui kama samaki wameumwa.

Hapo ndipo alipotokea mwuza unga. Alikuja kwa heshima, ananiita mama, anajua lugha ya wafugaji. Pakiti yake ilikuwa na picha ya samaki mnene na maandishi makubwa kwamba unga huo unakuza, unakinga na unasafisha maji. Hakuna mahali palipoandikwa ni bakteria gani wamo, ni wangapi kwa kila gramu, umetengenezwa lini na unaisha nguvu lini. Ulikuwa umepangwa kwenye buti la gari lililosimama juani. Tulinunua wa kutosha mwezi mzima. Mwezi ukaisha, samaki wakabaki vile vile, vifo vikaendelea, na tulipompigia simu akatuambia tuongeze kipimo mara mbili.

Shemeji alikataa kuongeza. Alikwenda kumwomba afisa uvuvi afike kwenye vizimba, na naona uamuzi ule ndio uliookoa mradi. Afisa hakuuliza kuhusu dawa. Aliomba samaki watano: wawili wanaoonekana wazima, wawili waliodhoofu na mmoja aliyekufa saa hiyo hiyo. Akawapasua juu ya ubao mbele yetu. Kila mfugaji anapaswa kujua kufanya hivi, kwa hiyo naeleza alichotuonyesha.

Sato ana utumbo mrefu sana, mara kadhaa ya urefu wa mwili wake, kwa sababu kwa asili anakula zaidi mwani na vitu vya majani. Tumbo lake hutoa asidi kali inayovunja kuta za mwani. Kwa samaki mzima utumbo umejaa, una rangi na ukuta wake haupasuki ovyo. Kwa samaki wetu ulikuwa mwembamba, unaona upande wa pili, ndani kuna ute wa njano. Kifuko cha nyongo kilikuwa kikubwa, kimejaa, kijani cha kukolea. Nyongo humwagika utumboni chakula kinapoingia, kwa hiyo kifuko kilichojaa hivyo maana yake samaki hajala kwa muda. Ini lilikuwa limepauka, lina mabaka. Macho hayakutokeza, na hakuna aliyekuwa akizunguka-zunguka juu ya maji, dalili ambazo zingemfanya ashuku ugonjwa wa bakteria wa streptokoka unaoua sato wengi maji yakipata joto. Akanawa mikono akauliza, "Mama, twendeni stoo. Nionyesheni mnawalisha nini."

Stoo ilitoa majibu matatu, na yote yalihusu utumbo.

La kwanza ni soya. Ilikuwa inasagwa mbichi. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia kimeng'enya cha kuvunja protini kufanya kazi. Samaki anaimeza, protini imo ndani, lakini utumbo haupewi nafasi ya kuichukua, sehemu kubwa inatoka kama ilivyoingia. Moto ndio unaoharibu vizuizi hivyo. Siku hizi tunakaanga soya kwenye sufuria pana, tunakoroga bila kuacha, hadi harufu ya maharage mabichi iishe na punje ziwe na rangi ya dhahabu. Tunaishia hapo. Ikifika kahawia ya kuungua, lisini, ambayo ni sehemu ya protini anayoihitaji sana samaki, inaharibika, na umetupa ulichokilipia.

La pili ni mahindi. Pumba tulizonunua masika zilikuwa na unyevu, tukazirundika chini ukutani. Magunia ya katikati yalikuwa na joto ukiingiza mkono, na ya chini yalikuwa na ukungu. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, haitoki kwa kupepeta wala kwa kuanika baadaye, na joto la mashine ya punje haliimalizi. Inaharibu ini. Watanzania hatuhitaji kuelezwa hatari yake: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Samaki akiilishwa kidogo kidogo hafi kwa wingi siku moja. Anadumaa, kinga yake inashuka, na wewe unatafuta dawa ya ugonjwa usiokuwepo. Tulichoma magunia yale. Yaliniuma, kwa sababu tulikuwa tumeyakopea, lakini sikutaka hata kuku wa jirani wayale.

La tatu ni dagaa, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa wengi wanadhani dagaa ni dagaa tu. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa uvuvi unapungua, bei inapanda, na mizigo mibaya ndipo inapopata wateja. Dagaa wengi wanaouzwa kwa ajili ya mifugo wameanikwa juu ya mchanga. Ukinunua gunia, unanunua na mchanga wake, unaupima kwa kilo, unausaga, unamlisha samaki. Protini uliyoiandika kwenye hesabu yako haimo, na ute wa utumbo unakwaruzwa. Afisa alichukua konzi mbili akazitia kwenye ndoo ya maji, akakoroga, akamwaga maji taratibu. Mchanga uliobaki chini ulitunyamazisha. Tangu siku ile hatununui dagaa bila ndoo ya maji. Walioanikwa kwenye vichanja ni ghali zaidi, lakini kwa kila kilo ya protini ni nafuu.

Mashudu ya pamba nayo yapo kwenye orodha ya tahadhari. Ni rahisi huku kwetu, yana protini nzuri, ila yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu ya pamba inayozuia ukuaji ikizidi. Tuliyapunguza, tukaongeza ya alizeti.

Tulirekebisha vitu hivyo tu. Hatukuongeza unga wowote. Ndani ya wiki chache kinyesi kikawa na rangi, vifo vikashuka hadi kukoma, na samaki wakaanza kugombania chakula kijana anapokaribia na ndoo. Waliodumaa hawakufidia muda wote waliopoteza, na mzunguko ule tulifunga kwa hasara. Shemeji aliuza pikipiki yake ili tulipe rejesho. Siku ile alirudi nyumbani kwa miguu, na hajawahi kututupia neno.

Kama tungeishia hapo ningesema virutubisho vya utumbo ni udanganyifu mtupu. Lakini afisa yule alituambia kuna vinavyofanya kazi, kisha akaongeza jambo ambalo sijasahau: bila samaki wa kulinganisha, hamtajua kamwe. Mnatia unga, mvua zinakwisha, maji yanapata joto, samaki wanakua, mnasema ni unga. Au mnatia unga, maji yanachafuka, samaki wanakufa, mnasema unga haufai. Kote huko hamjui lolote.

Basi mzunguko uliofuata tulifunga vyandarua vidogo kwenye fremu ya kizimba. Tulichukua vifaranga wa kundi moja, tukawachanganya kwenye beseni moja, tukawagawa bila kuchagua. Chakula cha kawaida kilipata vyandarua vitatu, na kila kirutubisho vitatu. Usitumie kimoja kimoja, maana chandarua kilicho upande wa mkondo kinapata maji mapya zaidi kuliko kilicho ndani, na utadhani ni kirutubisho kumbe ni nafasi. Tulivipanga kwa kupishana. Ndoo za chakula tulizipaka rangi, na kijana anayelisha hakuambiwa rangi ipi ina nini. Anawapenda samaki wake, na angejua tu wapi pana dawa, mkono wake ungemimina zaidi pale. Tulipima uzito kila baada ya wiki mbili asubuhi, kabla ya kulisha, kwa mzani ule ule. Na tuliandika chakula kilichotumika kwa kila chandarua, maana uzito peke yake hausemi umetumia nini kuupata.

Tulijaribu vitu vitatu. Cha kwanza ni bakteria rafiki wa jamii ya Bacillus, kwenye mfuko ulioandikwa jina la bakteria, idadi yao kwa gramu, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Hawa hutoa vimeng'enya vinavyosaidia kuvunja protini na wanga, na hushindania nafasi na chakula na bakteria wabaya kwenye ukuta wa utumbo. Uzuri wao ni kwamba hujifunga ndani ya gamba gumu linalovumilia joto na ukavu, kwa hiyo wanakaa dukani bila friji na wanastahimili joto kuliko bakteria wa maziwa ya mgando au hamira hai. Cha pili ni hamira. Hamira hai hufa kwenye joto la mashine, lakini ukuta wa seli yake una sukari ndefu ambazo bakteria wabaya huzishika badala ya kushika utumbo, na nyingine zinazoamsha kinga ya mwili. Kwa hiyo hata ikifa haijapotea yote. Cha tatu ni kitunguu saumu kilichokaushwa na kusagwa, kwa sababu kila mfugaji wa kanda hii anakisifia.

Matokeo nayasema kama tulivyoyaona kwenye vizimba vyetu, na kwako huenda yakatofautiana. Vifaranga waliopata Bacillus walikua kidogo zaidi ya wenzao, lakini kilichotufurahisha hasa ni chakula: walitumia kichache kwa kila kilo ya nyama, na vyandarua vyao vyote vitatu vilielekea upande mmoja. Kwa hamira tofauti ilikuwepo, ndogo, na chandarua kimoja kilikataa kufuata wengine, hivyo sikuiamini. Kitunguu saumu kiliwafanya wale kwa pupa, ila kwenye mzani hakikuonyesha kitu. Na tulipoendelea na Bacillus hadi samaki wakawa wakubwa, tofauti ilizidi kupungua. Kwa samaki wa gramu 200 na kuendelea hatukuweza kuiona tena.

Nimefikiri sana kwa nini iwe hivyo. Kifaranga utumbo wake bado unajengwa, bakteria wake wa kudumu hawajakaa sawasawa, na ametoka tu kusafirishwa kwenye mfuko wa plastiki, akahesabiwa, akamwagwa kwenye maji mapya. Wakati huo msaada una pa kushika. Samaki mkubwa aliyelishwa vizuri ana jeshi lake tayari. Bacillus hawajengi makazi ya kudumu ndani ya sato. Ukiacha kuwalisha wanatoka. Kwa hiyo kama unalipia, lipia kipindi ambacho kinakurudishia.

Namna ya kuchanganya inabeba nusu ya matokeo. Hata kwa bakteria wanaovumilia joto, sisi hatuwaweki kwenye mashine. Punje zikishatoka na kupoa kabisa, tunakoroga unga kwenye mafuta kidogo ya alizeti, tunanyunyizia juu ya punje zilizotandazwa kwenye turubai safi kivulini huku mwingine akigeuza, kisha tunaziacha zinywe. Mafuta yanazuia unga usioshwe na maji kabla samaki hajafika. Anayekoroga kwa maji ya bomba badala ya mafuta ajue kwamba klorini yake imewekwa kuua bakteria, na haitawachagua walio rafiki. Tunachanganya cha siku mbili tatu, si cha mwezi. Na kirutubisho hai hakiendi pamoja na antibiotiki kwenye ndoo moja; hiyo ni kununua askari na adui wake kwa fedha yako mwenyewe.

Kuhusu antibiotiki nina neno zito. Nimeona wenzetu wakinunua oksitetrasaiklini kwenye duka la dawa za mifugo na kuichanganya kwenye chakula cha samaki wazima, eti kuwakinga na kuwakuza. Tafadhali, acheni. Dawa hiyo hushikana na kalsiamu na sehemu kubwa inapita utumboni bila kunyonywa, inaishia ziwani, kwenye maji ambayo watoto wa mwalo wanaogelea na akina mama wanachota. Bakteria wanaozoea dawa huko ndio watakaokuja kumsumbua mtoto hospitalini. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu Januari 1, 2006, na utafiti mwingi wa bakteria rafiki, hamira na asidi za chakula ulishika kasi kwa sababu hiyo: watu walihitaji njia nyingine. Samaki akiugua kweli, mwite daktari wa mifugo, apime, aandike dawa na muda wa kusubiri kabla ya kuvua. Sina uvumilivu na njia ya mkato kwenye jambo hili.

Kuna vitu viwili vingine ambavyo havitangazwi kwa kelele na vimetusaidia. Kimoja ni fitezi, kimeng'enya kinachofungua fosforasi iliyofungwa ndani ya soya, pumba na mashudu. Samaki hana kimeng'enya hicho mwilini, kwa hiyo bila msaada fosforasi inapita na kinyesi. Ikiingia ziwani inalisha mwani na gugumaji, na sote tunajua gugumaji limefanya nini kwenye ziwa hili. Fitezi nyingi huharibika kwa joto, hivyo nayo tunainyunyizia baada ya punje kupoa. Kingine ni vitamini C ya aina iliyokingwa. Vitamini C ya kawaida huisha kwa joto na kwa kukaa stoo, na samaki wanaoikosa hupinda mgongo. Ukiona wenye migongo iliyopinda wanaongezeka kizimbani, angalia umri wa chakula chako kabla hujamlaumu mzalishaji wa vifaranga.

Hakuna kirutubisho kinacholeta oksijeni. Kuna siku upepo unageuza maji, ya chini yasiyo na hewa yanapanda, na samaki wanakuja juu wanahema. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wenzetu wa upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi vizimbani kwa maji kukosa oksijeni. Siku za namna hiyo tunaacha kulisha kabisa, kwa sababu kumeng'enya chakula kunahitaji oksijeni ambayo haipo, na punje zinazooza chini zinaila iliyobaki. Mwuzaji atakayekwambia umwage unga wake siku hiyo, mpishe aende.

Sasa fedha. Namna tunavyopiga hesabu ni hii, na nawapa mfano wa namba rahisi ili kila mtu aweke zake. Tuseme kilo moja ya samaki inakula kilo 1.8 za chakula, na kwa kirutubisho inakula 1.6. Kwa tani moja ya samaki umeokoa kilo 200 za chakula. Chakula chako kikiwa shilingi 2,000 kwa kilo, umeokoa 400,000. Kipimo kikiwa gramu 2 kwa kilo ya chakula, tani hiyo itatumia kilo 3.2 za unga. Gawanya 400,000 kwa 3.2, unapata 125,000. Unga unaouzwa zaidi ya 125,000 kwa kilo unakula akiba yako yote hata kama unafanya kazi kama ulivyoahidiwa. Wengi hawafiki kwenye mgawanyo huu. Wanauliza bei ya pakiti, wanaona inalipika, wanalipa.

Kwa sasa tunampa kifaranga Bacillus tangu siku anayoanza kula baada ya kusafiri hadi anapokaribia gramu 50, kisha tunaacha. Fitezi na vitamini C tunaweka muda wote. Hamira na kitunguu saumu tumeviacha. Shemeji anataka tujaribu asidi za chakula, ambazo zinaongeza uchachu wa chakula na kuwabana bakteria wabaya, na nimekubali kwa sharti kwamba zipitie kwenye vyandarua vidogo kwanza. Mkopo wa kwanza tumeumaliza. Pikipiki bado hatujairudisha.

Unaponunua, soma mfuko kwa vidole: jina kamili la bakteria, idadi kwa gramu, tarehe mbili, namba ya toleo, namna ya kuhifadhi, kipimo kwa kilo ya chakula. Kikikosekana kimoja, rudisha. Uliza ulihifadhiwa wapi kabla ya kufika dukani. Chakula chako chenyewe kipime protini na majivu, yaani kinachobaki sampuli ikichomwa, maana majivu mengi mara nyingi ni mchanga. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, wanapima sampuli za vyakula vya mifugo, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mzunguko mmoja uliopotea. TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, wana kituo Mwanza, na wanaofuga maeneo haya waende wakaulize ana kwa ana. Na kama mwuzaji ana uhakika na unga wake, mwombe akupe wa kutosha vyandarua vitatu kwa wiki nane, umlipe kamili mzani ukimuunga mkono. Wapo waliotukubalia.